Chumvi, manjano na mafuta ya karafuu: kupima kinachoyeyuka kwenye maji na kwenye spiriti

Nafundisha kemia hapa Pemba, na mada hii siianzi ubaoni. Mwanafunzi akishakariri kwamba "chumvi inayeyuka", haulizi tena inayeyuka kwenye nini. Kwa hiyo nawawekea maji na spiriti tangu mwanzo.

Tafuta glasi ndogo zilizo kavu kabisa. Spiriti utaipata duka la dawa, ila soma lebo: ya kusafishia vidonda mara nyingi ina alkoholi asilimia 70, na maji yaliyomo yatayeyusha chumvi kidogo, matokeo yakuchanganye. Ukipata ya asilimia 95, chukua hiyo. Haionjwi kabisa. Jiko na mshumaa vikae mbali, kwani moto wa spiriti mchana hauonekani vizuri.

Pima mililita 20 kwa kila glasi. Bomba la sindano linatosha. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga dakika mbili. Kwenye maji inapotea, kwenye spiriti inatuama chini. Chumvi ni chembe za sodiamu na kloridi zenye chaji, zinazovutana kwa nguvu. Molekuli za maji huzizingira na kuzitenganisha. Za alkoholi hazina nguvu hiyo. Gramu 100 za maji huyeyusha gramu 36 hivi za chumvi, na kuyachemsha hakuongezi sana. Sukari nayo huikataa spiriti, lakini maji hayohayo huipokea gramu 200 hivi yakiwa baridi, na zaidi ya maradufu yakichemka.

Mafuta ya kupikia hayayeyuki vizuri popote. Tazama yanakokwenda, basi: juu ya maji yanaelea, kwenye spiriti yanazama, maana spiriti ni nyepesi kuyashinda.

Unga wa manjano uache utuame. Maji ya juu yatakuwa na rangi hafifu, spiriti itakuwa ya njano iliyokolea, kwa sababu kurkumini, ambayo ndiyo rangi yenyewe, huyeyuka kwenye alkoholi. Ndiyo maana doa la mchuzi lililogoma kwa maji hulegea ukilipangusa kwa spiriti.

Jaribio nilipendalo kuliko yote ni la mafuta ya karafuu, na huku kwetu hayakosekani. Tia matone kumi kwenye mililita 5 za spiriti: yanapotea, spiriti inabaki angavu. Kabla hujaongeza kitu, waambie wanafunzi watabiri maji yatafanya nini. Kisha mimina maji kidogokidogo, hadi mililita 10. Mchanganyiko unageuka mweupe kama tui! Alkoholi ndiyo iliyokuwa imeyabeba mafuta. Ilipochanganyika na maji haikuweza kuyabeba tena, yakatengana kuwa vitone vidogo mno vinavyotawanya mwanga. Sasa ongeza spiriti nyingi, uone weupe unavyofifia.

Glasi ya karafuu isuuze kwanza kwa spiriti kidogo, ndipo uioshe kwa sabuni. Ukianza na maji matupu, harufu haitoki.