Unaenda Korea kikazi mara ya kwanza? Soma hii kabla hujakaa nao mezani

Mambo ya viza na tiketi utaambiwa na wengi, mi nataka nikuambie ya mikononi na ya mezani maana huko ndo biashara inapoanzia. Nilifika Seoul kutafuta spea za magari nikidhani kazi ni kupatana bei tu, kumbe yule mzee mwenye duka macho yake yalikuwa kwenye namna navyopokea kadi yake.

Kwa hiyo chapisha bizneskadi za kutosha. Ukipewa ya mwenzio pokea kwa mikono miwili, isome, iache juu ya meza mbele yako mpaka kikao kiishe, usiitie mfuko wa nyuma ukaikalia. Kutoa ni hivohivo, mikono miwili, au wa kulia huku wa kushoto umeshikilia kiwiko, kama wengi wetu tulivyofundishwa nyumbani ukimpa mtu mzima kitu. Salamu unainama kidogo. Jina lake la kuzaliwa usilitumie, ita la ukoo na cheo, mwenye kampuni ni Kim sajangnim. Wakikuuliza umri usinune, wanataka kujua wakuiteje, si hata sisi tunapima kwanza kama huyu ni wa shikamoo au wa mambo vipi.

Halafu kuna hii "ne". Maana yake ndiyo, lakini mara nyingi mtu anakuambia tu nakusikia, endelea. Kikao changu cha kwanza niliitikiwa ne ne mpaka mwisho nikatoka nampigia mwenzangu Dar kwamba bei imeshuka, kesho yake nakuta bei ni ileile! Siku hizi siondoki bila kuuliza tuandike kiasi gani, na naona wanaandika.

Vitu vidogo haraka haraka: soketi zao ni za pini mbili za duara, plagi zetu za pini tatu haziingii, beba adapta. Nunua kadi ya T-money ya treni na basi, na ramani weka Naver Map. Wako mbele yetu masaa 6, kwa hiyo saa 3 asubuhi yao Dar ni saa 9 usiku, hela ya kutumwa kutoka nyumbani ipange mapema.

Sasa chakula. Ukialikwa jioni nenda hata kama umechoka, maana pale ndo wanakujua. Meza ina jiko katikati, nyama inachomwa mbele yenu inakatwa kwa mkasi, unaifunga kwenye jani la saladi na kitunguu saumu unatia mdomoni yote kwa mara moja. Usianze mpaka mkubwa wa meza aanze. Wali wanakula kwa kijiko na bakuli haliinuliwi, na vijiti usivisimamishe kwenye wali, ndo wanavyofanya kwenye chakula cha kuwakumbuka marehemu. Vile visahani vya kimchi (kabichi iliyochachushwa na pilipili) na mboga vinaitwa banchan, vikiisha unaongezewa bure.

Kama huli nguruwe sema mapema kabisa, samgyeopsal, ile nyama ya tumbo ya kuchoma, ndo nguruwe yenyewe na hata supu ya kimchi mara nyingi anakuwemo, neno la kushika ni dwaejigogi, yaani nyama ya nguruwe. Mtaa wa Itaewon kuna msikiti mkuu wa Seoul, upo tangu 1976, na jirani yake kuna migahawa ya halali. Asiye na masharti aombe samgyetang, kuku mdogo mzima kajazwa wali wa kunata na jinseng (mzizi wa dawa), wenyewe wanaila siku za joto kali kabisa na mi niliipenda kuliko vyote, kila kijiko nakumbuka supu ya kuku wa kienyeji.

Soju, pombe yao kali, hujimiminii, unammiminia mwenzio naye anakumiminia, glasi inapokelewa kwa mikono miwili na ukinywa mbele ya mkubwa unageuza uso pembeni. Hunywi? Sema mwanzoni, ila wamiminie wao na glasi yako ya maji inyanyue pamoja nao.

Bili kwa kawaida analipa aliyealika, usianze habari za kugawana. Mkitoka hapo mara nyingi watataka kahawa, basi hiyo wahi wewe kaunta ulipe.