Jinsi ya kusoma majina ya timu za Uingereza ujue Wasaksoni na Waviking walikaa wapi

Watu wengi wakitaka kujua Kiingereza kilitoka wapi wanaanza na orodha ya wafalme, ukurasa wa pili washachoka wanaacha. Mi nashauri uanze na msimamo wa ligi. Majina ya timu za kule, kuanzia ligi kuu mpaka zile za madaraja ya chini ambazo unazijua kwa sababu ya mikeka tu, mengi ni majina ya vijiji yaliyowekwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na ukijua kuyakata unaona nani alifika wapi.

Kabla hujaanza weka hii kichwani. Waroma waliitawala Britania mpaka kama mwaka 410 hivi, wakaondoka, wenyeji waliobaki walikuwa wanaongea lugha ambayo mtoto wake leo ni Kiwelisi. Kwenye karne ya 5 wakaanza kuingia watu kwa mashua kutoka ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini, Waanglia, Wasaksoni na Wajuti, walikotoka leo ni Ujerumani ya kaskazini na Denmark. Habari hizi anazo mtawa mmoja anaitwa Bede, alimaliza kitabu chake mwaka 731, na anadai nchi ya Waanglia kule walikotoka ilibaki tupu mpaka siku zake yeye. Sasa Bede anaandika karibu miaka 300 baada ya tukio, tena ni mtu wa kanisa, kwa hiyo usimmeze mzima mzima. Majina ya mahali hayana mtu aliyeyatunga kumfurahisha askofu, ndo maana mi nayaamini zaidi.

Haya, fungua ramani kwenye simu, anza na mikoa ya kusini. Essex ni Wasaksoni wa mashariki, Sussex wa kusini, Middlesex wa katikati, ingawa huu tangu 1965 sehemu yake kubwa imemezwa na London. Wessex, wa magharibi, siku hizi sio mkoa ila ndo ulikuwa ufalme wa Alfred, mfalme wa karne ya 9. Ukipanda juu kidogo unakuta East Anglia, hapo ndo Waanglia wenyewe, na ndani yake Norfolk na Suffolk, yaani watu wa kaskazini na watu wa kusini, hawakujisumbua kabisa kubuni. Kent ni jina la kabla ya wote hao, Wajuti walilikuta wakaendelea nalo.

Sasa njoo kwenye timu. Jina usilisome mbele, lisome mkia kwanza. Mkia wa -ton ulikuwa tun, shamba lenye uzio ambalo baadaye linakua kijiji. Everton ni shamba la nguruwe pori, Preston shamba la mapadri, Brighton ni shamba la bwana mmoja Beorhthelm, jina limesuguliwa na midomo ya watu mpaka mwenyewe angefufuka asingelijua. Mkia wa -ham mara nyingi ni makazi, nyumbani kwa mtu: Tottenham ni kwa Totta. Ukiona -ing katikati, hapo ni watu wa fulani, ukoo wake au wafuasi wake. Birmingham ni makazi ya watu wa Beorma. Nottingham ni ya watu wa mtu aliyeitwa Snot, na kwenye daftari kubwa la ardhi la mwaka 1086 bado imeandikwa Snotingeham, ile S ikaja kudondoka baadaye, bahati yao, maana neno hilo kwa Kiingereza cha leo ni kamasi. Hastings na Reading hazina hata neno la makazi, ni jina la watu wenyewe tu.

Mkia wa -chester, -caster au -cester unakwambia Waroma walishapita hapo. Wasaksoni walikuta kuta za ngome wakaziita ceaster, neno walilolitoa kwenye Kilatini. Manchester, Leicester, Doncaster, Colchester, zote hizo zina Mroma chini yake.

Hapa ndo napapenda zaidi. Chora mstari kwa kidole kutoka London mpaka Chester, unafuata takriban barabara ya Kiroma inayoitwa Watling Street. Kaskazini mashariki ya huo mstari utaanza kukutana na -by na -thorpe: Derby, Grimsby, Whitby, Scunthorpe. Ukishuka kusini zinakauka. Hiyo ni Kideni, lugha ya Waviking, wavamizi wa mashua kutoka Denmark na jirani zake. Jeshi lao kubwa lilitua mwaka 865, wakameza falme karibu zote, Alfred akawapiga pale Edington mwaka 878, baadaye wakawekeana mpaka na sehemu yake ikafuata barabara hiyo hiyo. Derby kabla yao iliitwa Northworthy, walipofika wakaipa jina lao. Na hawakuacha vijiji tu, maneno kama they, sky na egg ambayo unayatumia kila siku ni ya kwao.

Mito usiihesabu kwa Wasaksoni. Thames, Trent na Avon ni majina ya wenyeji wa zamani, mgeni akifika huwa anauliza mto unaitwaje na jibu linabaki. Na kama unataka kuona dini yao kabla mmishonari Augustine hajafika Kent na Ukristo mwaka 597, tafuta Wednesbury karibu na Birmingham, ni ngome ya mungu wao Woden. Huyo huyo ndo mwenye Jumatano ya Waingereza, kwa hiyo Sheffield Wednesday, ambayo ilianza kama klabu ya kriketi iliyokuwa inacheza siku hiyo, imebeba mungu wa kipagani bila kukusudia.

Mitego ipo. Southampton, Northampton na Wolverhampton zinafanana mkia lakini kila moja ina asili yake, ile ya mwisho ni shamba la juu la mama mmoja tajiri, Wulfrun. West Ham na Fulham zina ham nyingine kabisa, ya ardhi ya bondeni iliyozungukwa na maji, angalia ramani uone mto ulivyo jirani. Mji wa Rugby unaweza kuapa ni wa Kideni, kumbe kwenye daftari la 1086 ni Rocheberie, mkia wake ulikuwa burh, ngome ya Kisaksoni. Newcastle ni ngome ya mwaka 1080 ya Wanormani, wavamizi waliotoka Ufaransa, wachelewaji hao. Arsenal sio kijiji, ni kiwanda cha silaha cha Woolwich, na neno lenyewe limezunguka kwa Wataliano likitokea Kiarabu, dar as-sina'a, dar ile ile ya Dar es Salaam.

Kwa hiyo kabla hujabishana na mtu kijiweni hakikisha umeona jina lilivyoandikwa zamani, la leo peke yake linadanganya. Chuo Kikuu cha Nottingham kina kanzidata ya bure mtandaoni, unaandika jina la mji inakupa vipande vyake na lugha ya kila kipande. Anza na Burnley na Barnsley, zina mkia mmoja ambao sijautaja, halafu angalia wanasemaje kuhusu msitu.