Kutafuta maana ya neno la Kiingereza kwa Python, hata bando likiisha

Mpwa wangu anasoma Masasi. Likizo hii alinijia Mikindani analalamika: "Mjomba, kila neno gumu linanila bando." Nikamwekea WordNet, kamusi iliyoanza kutengenezwa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, mwaka 1985. Python, lugha ya kuandikia programu, huisoma kupitia laibrari (msimbo uliokwisha kuandikwa tayari) iitwayo NLTK. Zipo laibrari nyingine zinazochota maana kwenye tovuti za kamusi. Mimi sizitaki: tovuti ikibadilishwa kidogo, programu yako imelala.

Hatua ya 1. Kwenye dirisha la amri (Command Prompt) andika amri hii ya pip, chombo cha kusakinisha laibrari za Python: `pip install nltk`

Hatua ya 2. Hii ilininyima usingizi. Pip inaleta laibrari tupu, kamusi yenyewe haimo. Unaifuata ukiwa ndani ya Python:

```
import nltk
nltk.download('wordnet')
```

Ni kama megabaiti 10. Kwetu mtandao ulikata kila tulipojaribu, hadi jamaa wa Mtwara mjini akatushushia wordnet.zip na kutuletea kwenye flashi. Nikaifungulia ndani ya `C:\nltk_data`. LookupError, yaani kosa la kutoiona kamusi. Nikahamisha, nikawasha upya, LookupError ileile. Kumbe lazima iwe ndani ya folda ya corpora, hivi: `C:\nltk_data\corpora\wordnet`. Tena angalia, Windows ikifungua zipu huweza kukutengenezea wordnet ndani ya wordnet. Ile ya ndani itoe uiweke moja kwa moja ndani ya corpora. Na ujumbe wa kosa usome mpaka chini, umeorodhesha kila folda iliyopekuliwa. Mimi niliishia mstari wa kwanza. Baadhi ya matoleo ya NLTK hudai pia `omw-1.4`, data ya WordNet za lugha nyingine; shusha vilevile.

Hatua ya 3.

```
from nltk.corpus import wordnet as wn
for s in wn.synsets('cashew'):
    print(s.name(), s.definition())
```

Usisahau mabano baada ya definition. Zikaja maana mbili: mti wa Amerika ya kitropiki, kisha korosho yenyewe, yenye umbo la figo. Kijana akang'aka, "Mkorosho wetu huu?" Nikamwambia asili yake Brazili, Wareno ndio walioileta huku.

Chapisha maana zote, usichukue ya kwanza tu: ukiuliza `bank` inaanza na ukingo wa mto, pesa baadaye. Maneno mawili yaunge kwa mstari wa chini, `ice_cream`. Dogo alipoandika `with` akapata `[]`, yaani orodha tupu, akadhani ameharibu kitu. Hajaharibu. WordNet ina nomino, vitenzi, vivumishi na vielezi tu. Kwa maneno madogo kama `with`, daftari la Kiingereza lipo.