Unataka kuuza nyumba? Pitia hatua hizi kabla hujampigia dalali

Mimi ni dalali wa nyumba na viwanja, na maeneo yangu ni Tabata, Segerea na Kinyerezi, Dar es Salaam. Nyumba isipouzwa mimi sili. Hata hivyo, wengi wanaonipigia simu hawakupaswa kuuza, au hawakupaswa kuuza wiki hiyo.

Simu zenyewe zinafanana. "Kaka, nina nyumba yangu, nataka milioni tisini, maongezi yapo, ila naomba iwe ndani ya wiki hii." Hapo kwenye "wiki hii" ndipo tisini inapoanza kuelekea sitini. Mnunuzi wa Dar es Salaam ana pua. Akinusa haraka anatulia, anasema atarudi Jumamosi, harudi. Anakuja Jumatano na pesa taslimu, tena pungufu, na wewe umeshakopa kwa kutegemea ile Jumamosi. Kwa hiyo hatua zote hapa chini zina kazi moja, kuhakikisha haraka haikai mezani siku ya maongezi.

Hatua ya 1: Andika fedha itakwenda wapi

Chukua daftari. "Nina shida ya pesa" haihesabiki, andika shilingi kwa shilingi. Ada ya mtoto, 2,800,000, mwisho Januari. Deni la kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa, 1,500,000. Matibabu ya mama, 1,700,000. Jumla milioni sita. Sasa jiulize: unauza nyumba ya milioni tisini kwa shida ya milioni sita? Zile themanini na nne zitalala wapi? Nimeona zinavyokwisha: bodaboda ya shemeji, harusi ya binti, fremu ya duka iliyofungwa baada ya miezi minane. Mwaka unapita, mtu anapanga chumba mtaa ule ule aliokuwa na nyumba.

Shida ya milioni sita itafutie dawa ya milioni sita. Uza gari, uza kile kiwanja cha Chanika ambacho hujakitembelea tangu ununue, au omba wapangaji walipe kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mkopo wa benki kwa dhamana ya hati nao upo, ila ukishindwa marejesho nyumba inakwenda mnadani, na bei ya mnada huipangi wewe.

Sababu ninazoziheshimu ni za namna nyingine. Umehamia Dodoma na wizara yako tangu serikali ianze kuhamia huko, hujalala kwenye nyumba hiyo miaka mitano. Warithi ni saba na nyumba ina vyumba vitatu. Maji yanaingia sebuleni kila masika. Au unataka nyumba nyingine ambayo tayari umeiona kwa macho, umeuliza bei, umemjua mwenyewe. Anayesema "nikishauza nitatafuta" huwa namwambia akatafute kwanza.

Hatua ya 2: Nyumba inakulipa kiasi gani?

Tuseme una vyumba sita vya uani, kila kimoja 60,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 4,320,000. Toa miezi ambayo chumba kimekaa wazi, choo kujaa, bomba kupasuka, rangi, pango la ardhi (malipo ya kila mwaka kwa serikali), na kodi ya majengo, ile ambayo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. (Kama umeme ananunua mpangaji, mrudishie hela yake. Nimesuluhisha ugomvi wa namna hiyo mara nyingi kuliko wa wizi.) Tuseme umebaki na 3,300,000. Kwa nyumba ya milioni tisini hiyo haifiki shilingi nne kwa kila mia. Waulize benki hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, zinalipa ngapi mwaka huu, kisha weka namba hizo mbili kwenye ukurasa mmoja.

Utaniambia kiwanja kinapanda. Ni kweli, ardhi inapanda, ila lile banda la 1994 lenye nyufa halipandi nayo. Kama thamani yote imelala kwenye ardhi, wapangaji wanakutoa jasho kila mwezi, na huna mpango wa kujenga, sababu ya kuuza imeanza kupata miguu. Kama unaishi humo mwenyewe, hesabu yako ni kodi ambayo ungelipa kwingine. Iandike.

Hatua ya 3: Nani mwingine ana sauti?

Hapa ndipo biashara nyingi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kama umeoa au umeolewa, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, hata kama jina kwenye hati ni lako peke yako. Usiniletee habari ya "mke wangu nitamwambia baadaye". Ridhaa iandikwe na isainiwe mbele ya wakili. Mimi huomba kumwona mwenza siku ya kwanza kabisa ninapokuja kupiga picha. Akinikaribisha kwa uso mzuri, kazi ipo. Akiingia jikoni asitoke, naaga.

Nyumba ya mirathi ndiyo iliyonifunza. Kuna moja Tabata niliitangaza mwenyewe, watoto watano, baba amefariki. Kaka mkubwa alinipa kazi: "Mimi ndiye mkubwa, nikisema tumesema." Ndani ya wiki tatu mteja akapatikana. Akaja na fundi wake, fundi akagonga kuta kwa kifundo cha kidole, akapanda darini, wakakubali bei. Siku ya kusaini tumekaa kwa wakili, mlango ukafunguliwa, akaingia mama mmoja na begi mkononi na mfuko wa dagaa. Ametoka Mwanza na basi la usiku. Akauliza taratibu, "Mnauza nyumba ya baba, mimi nimeulizwa na nani?" Hakupandisha sauti. Wakili akafunga faili. Mwezi uliofuata yule mteja alinunua Kinyerezi kupitia dalali mwingine, na mimi nikabaki nimekula hasara ya nauli na matangazo. Kosa lilikuwa langu, sikuuliza barua ya usimamizi wa mirathi.

Sasa ndiyo naiuliza kwanza. Ukubwa wa kuzaliwa hauuzi nyumba. Anayeuza ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, mwenye barua ya mahakama mkononi, na hata yeye anauza kwa niaba ya warithi wote. Kama bado hamjafungua shauri la mirathi, swali la "tuuze lini?" limeshajibiwa: baada ya hapo. Itisheni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, teueni mtu, aende mahakamani.

Hatua ya 4: Weka makaratasi sawa, hata kama hujaamua

Toa bahasha kwenye sanduku uone una nini. Hati miliki? Angalia jina: ni lako, au bado la aliyekuuzia? Angalia muda: hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na miaka ikibaki michache mnunuzi atakugeuzia kibao. Angalia stakabadhi za pango la ardhi, deni lipo au halipo. Kisha omba upekuzi, yaani taarifa rasmi ya nani anamiliki na kama kuna deni juu ya hati, kwa Msajili wa Hati, wewe mwenyewe, kabla mnunuzi hajauomba. Kuna watu wamegundua hapo kwamba rehani ya mkopo waliomaliza kulipa zamani haijafutwa.

Kama una leseni ya makazi, kibali cha muda cha kukaa kwenye eneo lisilopimwa, au karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, nyumba inauzika, ila mnunuzi anayetegemea mkopo wa benki huwa anapita mbali. Umebaki na wa taslimu, na wa taslimu anajua uko peke yako. Kama urasimishaji, yaani kupima viwanja ili vipewe hati, unaendelea mtaani kwenu na wapimaji wameshapita, mimi ningesubiri hati itoke kwanza. Ni sababu ya kusubiri iliyo bora kuliko zote nitakazozitaja hapa.

Ulizia pia ofisi ya ardhi ya manispaa kama kiwanja kimeguswa na hifadhi ya barabara (eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara) au bonde. Mwaka 2017 nyumba nyingi pembeni ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda mbele, zilibomolewa kupisha upanuzi, na humo zilikuwamo nzuri, zenye vigae na mageti ya umeme. Ukijua una tatizo hilo, mwambie mnunuzi. Usipomwambia atakuja kukudai.

Hatua ya 5: Hesabu ya mkononi

Bei si fedha utakayopata. Mkazi wa Tanzania hulipa TRA, mamlaka ya mapato, asilimia 10 ya faida aliyopata kwenye mauzo ya nyumba au kiwanja; asiye mkazi hulipa zaidi. Ndugu zangu mlio Muscat na London, hapo msipite haraka.

Mfano. Ulinunua kwa milioni 80, ukakarabati kwa milioni 15 na risiti unazo, unauza kwa milioni 120. Faida ni milioni 25, kodi ni 2,500,000. Bila nyaraka za gharama, mkazi hukadiriwa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, ipi iliyo kubwa. Kwa milioni 120 hiyo ni 3,600,000. Risiti za saruji na mabati ulizozitupa zilikuwa na thamani ya milioni moja na laki moja. Upo pia msamaha kwa nyumba uliyoimiliki miaka mitatu au zaidi na kuishi humo jumla ya miaka mitatu, mradi faida isizidi milioni 15. Waulize TRA kama unakuhusu.

Halafu kuna ushuru wa stempu, asilimia 1, ambao kwa kawaida ni wa mnunuzi, lakini andikeni kwenye mkataba. Wakili. Mthamini. Na mimi, dalali; asilimia yangu tukubaliane kabla sijaleta mtu, kwa maandishi, tusije tukakunjiana sura mbele ya wageni. Toa vyote hivyo, kisha rudi kwenye daftari la hatua ya kwanza. Inatosha?

Hatua ya 6: Bei ya kweli

Bei za kwenye matangazo ni ndoto za wauzaji, zangu zikiwamo. Tafuta nyumba mbili au tatu zilizouzwa mtaani kwenu katika mwaka mmoja uliopita na umuulize aliyenunua. Wauzaji huongeza, wanunuzi hawaoni sababu. Mpe mthamini aliyesajiliwa kazi kama nyumba ni kubwa au warithi hawaaminiani.

Hatua ya 7: Wakati

Fununu za mradi zisikuuzie nyumba wala zisikuzuie. Watu wa Kigamboni walikaa miaka na habari za mji mpya, hawajui wajenge au wangoje fidia. Daraja lililofunguliwa 2016 ni jambo jingine, linavukwa. Kipimo changu ni hicho. Ukiona mitambo, nguzo na kokoto, weka kwenye hesabu yako. Ukiona ramani kwenye simu, endelea na maisha.

Januari sikupendi. Ada zimebana, wauzaji wenye haraka ni wengi na mnunuzi anachagua kama yuko mnadani. Masika, Machi hadi Mei, wengi huficha nyumba zao. Kama yako iko juu na maji hayatuami, fanya kinyume: mlete mteja siku mvua imenyesha usiku kucha. Mwaka juzi Segerea nilimpitisha mteja kwenye mitaa miwili yenye madimbwi, gari linaogelea, tukafika kwenye geti la mama mwenye nyumba, uwanja umefagiliwa, mchanga mkavu. Mteja alisimama pale akiangalia viatu vyake. Bei hakuigusa sana.

Hatua ya 8: Bei ya chini na tarehe ya kusimama

Andika namba mbili za mwisho kwenye lile daftari: bei ambayo chini yake huuzi, na tarehe ambayo ikifika bila mteja unaacha kuuza. Mwenza wako azione, dalali asizione, hata mimi. Nyumba iliyokaa sokoni mwaka mzima inachoka. Kila anayekuja anauliza ina kasoro gani. Tarehe ikifika, futa lile neno INAUZWA ukutani kwa rangi ile ile ya ukuta, rudisha mpangaji, na unipigie baada ya mwaka.