Kunyanyua mzigo kwa kreni ya mkono wa kurefuka

Kila anayeanza huuliza, "Kreni hii inabeba tani ngapi?" Swali hilo ni nusu tu. Tani 25 zilizoandikwa ubavuni unazipata mkono ukiwa mfupi na mzigo uko karibu kabisa na gari. Urefushe, ulaze, na kreni hiyohiyo inaweza kushindwa na tani 2.

1. Pima umbali kwanza. Anzia katikati ya sehemu inayozunguka, si kwenye bampa, hadi ndoano itakaposimama. Pima pale mzigo unapotoka na pale utakapotua. Umbali mkubwa zaidi ndio unaousoma kwenye jedwali la kreni, linaloonyesha uzito unaoruhusiwa kwa kila umbali. Kwenye uzito wa mzigo jumlisha slingi (mikanda au minyororo ya kufungia mzigo) na kapi la ndoano, yaani gurudumu la waya linaloshika ndoano. Ukiangukia katikati ya mistari miwili ya jedwali, fuata wenye uwezo mdogo.

2. Toa miguu yote ya kreni, ile ya pembeni inayoegemeza gari, hadi mwisho, uilaze juu ya mbao nene, kisha nyanyua mpaka matairi yaache ardhi. Hapa usikimbizwe na mtu. Uliza kama kuna mtaro uliofukiwa au shimo la maji taka. Ardhi ya juu huonekana ngumu ilhali chini ni tupu. Kiputo cha pimamaji kikae katikati.

3. Tazama juu. Kwenye nyaya za umeme mimi sisogei chini ya mita 6, na kanuni za mahali zikitaka zaidi, nafuata zaidi.

4. Refusha mkono huku ukiachia waya. Mkono ukirefuka bila waya kuachiwa, ndoano hupanda yenyewe; ikigonga kichwa cha mkono, waya unaweza kukatika. Swichi ya kuzuia hilo ipo, ila macho yangu hayabanduki kwenye ndoano.

5. Nyanyua sentimita 10, simama, jaribu breki, kagua miguu. Mkono hupinda unapopokea uzito, kwa hiyo mzigo ukiachia ardhi huponyoka kwenda nje na umbali unaongezeka. Slingi zikianza kukaza, inua mkono kidogokidogo hadi ndoano irudi wima juu ya mzigo, ndipo uuachanishe na ardhi.

Kengele ya uzito ikilia, usirefushe wala usilaze mkono. Achia waya taratibu, mzigo urudi chini, kisha usogeze gari karibu.