Kumuandaa kijana anayesomea nyumbani kwa ajili ya chuo: AP, komyuniti koleji na CLEP hapa Texas

Habari zenu wazazi wenzangu. Haya ni kwa nyie mnaosomesha nyumbani na mtoto keshafika darasa la nane au la tisa, na swali la chuo limeanza kuwanyima usingizi. Kitu kimoja kikubwa naomba mkishike: msoma maombi kule chuoni akiona transkripti (orodha ya masomo na alama zake) imejaa A na imesainiwa na mama mzazi, hana pa kuzipimia, hata kama mtoto kazitolea jasho kweli kweli. Kwa hiyo masomo ya juu, yaani AP, ya komyuniti koleji na CLEP, tunayatafuta ili mtu wa nje, asiyemjua mwanao, aseme kwamba huyu anaweza kazi ya chuo. Na hayahitaji kuwa kumi, manne au matano aliyoyashika vizuri yanatosha kabisa.

Hatua ya 1: Panga hesabu kwanza, ukianzia mwisho kurudi nyuma

Masomo mengine yanasubiri, hesabu haisubiri. Kama anataka uinjinia ni vizuri awe anasoma kalkulasi darasa la 12, maana yake prikalkulasi la 11, aljebra ya pili la 10, jiometri la 9, na aljebra ya kwanza iwe imekwisha la 8. Kama kachelewa usimkimbize, jiometri na aljebra ya pili zinaweza kwenda pamoja mwaka mmoja, au prikalkulasi aichukue komyuniti koleji (chuo cha miaka miwili cha eneo lenu) wakati wa kiangazi.

Hatua ya 2: Mwezi wa nane anza kutafuta kiti cha mtihani wa AP

AP (Advanced Placement) ni masomo ya kiwango cha chuo anayosoma mtoto akiwa bado sekondari, mtihani unafanywa mwezi wa tano na alama ni 1 mpaka 5. Mtoto anaweza kujisomea nyumbani akaja kufanya mtihani tu, ila lazima ufanyike kwenye shule inayokubali kumpokea, na oda za mitihani zinafungwa katikati ya mwezi wa 11, baada ya hapo unalipa faini. Wazazi wengi hawajui kwamba hapa Texas kuna sheria, kifungu cha 29.916 cha sheria ya elimu, inayozitaka wilaya za shule zimruhusu mtoto wa eneo lao anayesomea nyumbani afanye mitihani ya AP wanayoitoa, na PSAT pia (mtihani wa mazoezi ya SAT, ule wa kuombea chuo), kwa ada ileile. Sasa ukipiga simu ofisi ya shule mtu anaweza kukujibu "hatufanyi hivyo" kwa sababu tu hajawahi kuulizwa, mtajie kifungu kwa heshima, omba uongee na mratibu wa AP, alafu fuatilia kwa imeili ili kuwe na maandishi.

Kwa vyuo vya serikali hapa, alama ya 3 kwenda juu inatakiwa impe krediti, yaani ahesabiwe kama kashasoma somo hilo chuoni, isipokuwa chuo kiwe na ushahidi kwamba somo fulani linahitaji zaidi.

Hatua ya 3: Mfundishe kwa karatasi zilizokwisha sahihishwa

Hapa ndo ningependa mtulie. College Board, wenye mitihani ya AP, wanaweka bure maswali ya insha ya miaka iliyopita, pamoja na insha za wanafunzi halisi, alama walizopata na maelezo ya kwa nini. Chukua AP ya lugha ya Kiingereza, insha ya kuchambua hotuba. Inasahihishwa kwa pointi 6: 1 ya hoja kuu, 4 za ushahidi na ufafanuzi, 1 ya kina cha fikra. Mpe mtoto swali, dakika 40, aandike kwa kompyuta maana mtihani wenyewe sasa unafanyika kwenye programu ya Bluebook. Akimaliza, mpe insha tatu za wenzake bila kumuonyesha alama, azisahihishe mwenyewe, ndo mfungue majibu mlinganishe. Utaona watoto wengi wanapoteza zile pointi 4 kwa kusimulia alichosema mzungumzaji. Mtoto anaandika "anatumia marudio ili kusisitiza" anaishia hapo. Muulize: anamsisitizia nani, na yule msikilizaji alikuwa anaogopa nini siku ile? Akianza kujibu hilo swali bila kuulizwa, insha inapanda yenyewe.

Hatua ya 4: Komyuniti koleji, lakini kwa uangalifu

Kuna vijana ambao mtihani mmoja wa saa tatu unawamaliza, wakati darasani wiki hadi wiki wanang'ara, hao wapeleke komyuniti koleji wakiwa darasa la 11. Atafanya kwanza mtihani wa TSI, ule wa Texas wa kupima kama yuko tayari kwa masomo ya chuo, au alama nzuri za SAT zimtoe huko. Namba za kozi zinafanana karibu jimbo zima, ENGL 1301 ni uandishi, MATH 2413 ni kalkulasi ya kwanza, kwa hiyo kuhamisha krediti kwenye vyuo vya serikali ni rahisi.

Ila nisikilizeni hapa hasa mnaoota mtoto awe daktari. Ile ni transkripti ya chuo na haifutiki. Akija kuomba shule ya udaktari atadaiwa alama zote za chuo, hata alizopata akiwa na miaka 16. Na wewe mzazi huna sauti tena, kwa kawaida profesa hatakueleza maendeleo yake mpaka mtoto akubali. Aanze na somo moja, lile analoliweza.

CLEP ni nyepesi zaidi, ni mtihani wa dakika 90 hivi wa kupata krediti ya chuo bila kukaa darasani, na shirika la Modern States wanatoa kozi bure na vocha ya kulipia ada. Vyuo vinavyochuja sana huwa havipokei, angalia kwanza chuo mnachokitaka.

Hatua ya 5: Andika maelezo ya kozi wakati bado mbichi

Kila kozi aya moja: vitabu, kazi alizofanya, nani alisahihisha. Mfano: "Baiolojia na maabara, mwaka mzima. Ripoti 12 za maabara, upasuaji wa chura na moyo wa kondoo, mtihani wa AP mwezi wa tano." Na Kiswahili msikiache nje, andikeni kama lugha ya pili kwenye transkripti, ACTFL (chama cha walimu wa lugha za kigeni Marekani) wana mtihani wa kuongea Kiswahili na cheti chake kinaheshimika.

Kwenye Common App (fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi) mzazi ndiye anakuwa kaunsela, unapandisha transkripti na barua yako. Barua ya mwalimu usiandike wewe. Mtoto amuombe profesa wake wa komyuniti koleji kabla muhula haujaisha, akiwa bado anamkumbuka sura, na ampe ile insha yake iliyopata alama nzuri aiambatanishe na ombi.