Kuongoza mafunzo ya nje ya darasa kwa kuanzia na uwezo wa washiriki

Kiongozi anayewapeleka vijana Kolo, wilayani Kondoa, kutazama michoro ya miambani iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, kwa kawaida huondoka Dodoma mjini akiwa na orodha ya upungufu: nani ana pumu, nani hajawahi kulala hemani, nani atashindwa kupanda. Orodha hiyo ni ya lazima kwa ajili ya usalama, na asiyekuwa nayo asianze safari. Hata hivyo haifai kupangia kazi, kwa kuwa haionyeshi mambo ambayo kila mshiriki anayaweza tayari.

Ili kuyajua hayo, zungumza na kila mmoja peke yake wiki moja kabla ya safari, hata kama ni kwa dakika tano tu. Usimuulize ana kipaji gani, kwani wengi wetu tumelelewa tusijisifu. Muulize ni kazi gani ambayo nyumbani hutumwa yeye badala ya ndugu zake, na ni jambo gani ambalo wenzake humfuata awasaidie. Utasikia kwamba huyu huwasha moto hata kuni zikiwa mbichi, yule huikumbuka njia aliyoipita mara moja, na mwingine hutumwa kupatanisha wanaogombana. Yaandike majibu kwa maneno yao wenyewe. Usikisie kwa kabila: kijana kuwa Msandawe hakumaanishi kwamba anajua kurina asali, huenda amekulia mjini akiuza vocha.

Baada ya hapo, panga ratiba ili kila uwezo uwekwe mahali unapohitajika kweli, maana vijana huitambua upesi kazi waliyotungiwa ili wasikae bure. Kondoa inarahisisha jambo hili. Mkifika kwenye makorongo, mwache aliyekulia machungani aanze kueleza jinsi njia ya ng'ombe inavyogeuka mfereji na mfereji ukawa korongo, ndipo wewe uongeze habari za mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza mwaka 1973, na za mwaka 1979, mifugo ilipoondolewa katika eneo lililomomonyoka zaidi. Ukianza wewe, atanyamaza, na utakuwa umepoteza mwalimu. Vivyo hivyo wakati wa kiangazi, mto ukiwa umebaki mchanga mtupu, aliyezoea kuchimba maji aoneshe mahali pa kuchimba na sababu ya kupachagua. Maji hayo yachemshwe kabla ya kunywewa, hata kama mchimbaji anasema kwao huyanywa hivyo hivyo, kwani ujuzi wa mtu haufuti kanuni za usalama.

Unapomsifu mshiriki, taja alichokifanya. “Umefanya vizuri” hakumwambii arudie nini, lakini “uliusimamisha msafara ulipoona wa nyuma hawaonekani” kunamwambia.

Kuna kosa moja ambalo nimelifanya mwenyewe. Nilikuwa na msichana hodari wa kupika, nikamwachia jiko kwa siku zote tatu nikidhani ninamheshimu, naye akarudi nyumbani bila kuuona mchoro hata mmoja. Nilikuwa nimeufanya uwezo wake kuwa kifungo, na bila shaka ilinirahisishia kazi kwamba chakula kilikuwa kitamu. Tangu hapo, anayeongoza kazi siku ya kwanza humfundisha mwenzake jioni ile ile, na siku ya pili huingia katika kazi asiyoijua, akiongozwa na mtu mwingine. Chakula cha siku ya pili huwa kibaya kidogo, kwa hiyo ongeza muda wa kupika, na ubebe unga wa akiba.

Mkirudi, mkabidhi mwalimu wa darasa ile orodha ya yale wanayoyaweza vijana wake, pamoja na mambo mapya mliyoyaona safarini.